Daftari la Mzee: siku saba za reli kutoka York hadi Nürnberg

Tulikuwa watatu na ubishi mmoja. Mzee ni fundi mitambo mstaafu, amezeekea kwenye karakana za reli, na kwake yeye kichwa bora cha treni ni cha Mjerumani, habari imekwisha. Binti yake ni mhandisi wa umeme, na vichwa vya mvuke anaviita birika zenye magurudumu. Mimi sina cheti chochote cha reli, nazipenda tu tangu utotoni, na upande wangu ni wa Waingereza tangu zamani kiasi kwamba hata sababu nimeisahau. Miaka nenda miaka rudi tumebishana kwa picha na takwimu. Safari hii tukakata shauri twende tukavione vyenyewe.

Masharti yalikuwa mawili. Hakuna kupanda ndege wala gari kati ya mji na mji, ni reli tupu. Na kila tutakachokiona kiandikwe kwenye daftari moja lenye safu nne: kichwa, nchi, maelezo, alama kati ya kumi. Daftari akashika Mzee. Kosa la kwanza la safari lilikuwa hilo.

Siku ya kwanza: York

Makumbusho ya Taifa ya Reli tuliyafikia milango ikifunguliwa. Ukumbi Mkuu zamani ulikuwa banda la kulaza vichwa vya mvuke, na sahani ya kugeuzia vichwa ingali katikati, reli zikitawanyika kutoka hapo kama spoku za baiskeli. Mallard, kichwa cha mvuke cha Waingereza, kimesimama pale na rangi yake ya buluu na magurudumu mekundu, pua imelazwa kama kabari.

Tarehe 3 Julai 1938, dereva Joe Duddington na mtia makaa Tommy Bray walikiachia kwenye mteremko wa Stoke, kusini mwa Grantham, kikivuta mabehewa saba, moja likiwa la vipimo, lenye kalamu zinazochora mwendo kwenye karatasi. Kilifika maili 126 kwa saa, yaani kilomita 203. Tangu siku hiyo hakuna kichwa cha mvuke kilichothibitishwa kupita hapo.

Nilisimulia yote hayo kwa sauti ya mtu aliyekijenga kwa mikono yake. Mzee hakujibu. Aliinama akachungulia kati ya magurudumu, kule nyuma ambako konrodi ya silinda ya kati, fito inayounganisha pistoni na gurudumu, haionekani vizuri.

"Huyu ndiye aliyemlaza," akasema.

Ni kweli, na inaniuma. Mallard kina silinda tatu, na beringi ya konrodi ya ile ya kati ilipata moto katika mbio zile zile. Wahandisi walijua ni mahali pa hatari, ndiyo maana walificha humo kichupa cha mafuta yenye harufu kali ili beringi ikichemka dereva anuse kabla hajasikia. Kichwa kiliburura miguu hadi Peterborough, kikafunguliwa hapo, treni ikamaliziwa na kingine.

"Wajerumani na kichwa chao 05 002 walikimbia kilomita 200.4 kwa saa," Mzee akaendelea, bado ameinama. "Tarehe 11 Mei 1936, kati ya Hamburg na Berlin. Tambarare. Na kichwa kikarudi karakanani kwa miguu yake. Kwenye mteremko hata pipa linakimbia, bwana mdogo."

Kabla sijapata jibu, binti yake akaniita. Alikuwa anasoma habari za bomba la moshi. "Kaka, hili bomba la moshi unajua ni la nani?" Mallard kilifungwa bomba la aina ya Kylchap, na jina hilo limeunganishwa kutoka kwa watu wawili: Kyösti Kylälä wa Ufini na André Chapelon wa Ufaransa. Kichwa cha mvuke hupumua kwa bomba hilo. Mvuke uliokwisha kusukuma pistoni hutoka kwa kasi, ukiondoka huvuta moshi nyuma yake, na moshi ukivutwa, hewa huingia tanurini na moto hupanda. Tatizo ni kwamba bomba likibanwa ili livute vizuri, mvuke hurudi kuzisukuma pistoni kinyume. Mafundi hao wawili waliugawa mvuke kwa hatua kabla haujatoka, ukavuta moshi mwingi bila kuzisonga silinda. Mallard kilikuwa na mabomba mawili ya namna hiyo, moja mbele ya jingine.

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Kwenye safu ya nchi akaandika: Uingereza (mapafu: Ufini na Ufaransa). Alama 8.

Hatua chache tu kutoka hapo kuna jitu jeusi linaloitwa KF7. Ukilitazama juu hadi chini unajua halijawahi kuvuta treni katika nchi hii, ingawa lilizaliwa hapa hapa, katika kiwanda cha Vulcan Foundry, mwaka 1935, likapelekwa China. Reli za nchi hizo mbili zina upana mmoja, milimita 1435. Kinacholizuia ni madaraja na mahandaki. Uingereza iliwahi kujenga kabla ya wenzake, ikachimba mahandaki ya kutosha vichwa vidogo vya enzi hizo, na mpaka leo treni zake ni nyembamba kuliko za ng'ambo ya bahari. KF7 ilirudi nyumbani miaka ya 1980 kama zawadi ya Wachina. Safu ya nchi ikaanza kujaa.

Binti hakuhangaika na mvuke tena. Tulimkuta amekaa ndani ya behewa jeupe na buluu la Shinkansen ya kwanza kabisa, aina iliyoanza tarehe 1 Oktoba 1964 kati ya Tokyo na Osaka kwa kilomita 210 kwa saa. Hoja yake ilikuwa fupi: haina kichwa. Kila ekseli ina mota yake. "Nyinyi mnashindana ng'ombe gani ana nguvu za kuvuta mkokoteni," alisema, "Wajapani wakaupa kila mkokoteni miguu." Akampokonya baba yake kalamu, akajiandikia 10.

Siku ya pili: York, London, Paris

Treni ya kwenda London ilikuwa Azuma, ya Hitachi, yaani Wajapani tena. Binti hakusema kitu, alitabasamu tu.

Nilikuwa na mpango wangu. Njia kutoka York inapita Grantham, kisha inashuka mteremko wa Stoke kuelekea kusini, upande ule ule alioshuka Duddington. Tuliwasha kipimo cha mwendo kwenye simu, tukaiegemeza dirishani. Grantham ikapita. Njia ikapanda kidogo, tukaingia kwenye handaki fupi, tukatoka, na hapo ndipo unapoanza mteremko. Namba zikacheza: 198, 200, 201. Zikabaki hapo. Mwaka 1938 mwendo huo uliyeyusha beringi na kuingia kwenye vitabu. Sasa abiria aliyekaa mbele yetu alikuwa amelala mdomo wazi, na treni inapita hivyo hivyo kila siku kutwa. Kando ya njia kuna kibao cha kumbukumbu. Nilikiwinda kwa macho na sikukiona, kwa sababu kwa mwendo huo kibao ni mstari tu.

London tulibadilisha kituo, tukapanda Eurostar. Hapa Mzee akajinyoosha. Treni za kwanza za kupita chini ya bahari, zilizoanza mwaka 1994, zilikuwa za ukoo wa TGV, treni ya mwendo kasi ya Ufaransa. Hii yetu ni e320, imetengenezwa na Siemens, mabehewa 16, mita 400 kutoka pua hadi pua, mota zimesambazwa chini ya mabehewa. "Mjerumani," akaandika. "Mjerumani aliyesoma Japani," binti akamsahihisha. Handaki lenyewe lina urefu wa kilomita 50 na ushei, na ndani treni hupunguza hadi 160. Giza tu. Hakuna la kusimulia.

La kusimulia liko mbele zaidi, kati ya Lille na Paris, kwenye tambarare isiyo na kitu. Mzee aliniomba nimwonyeshe tukifika karibu na kituo cha Haute-Picardie. Tarehe 21 Desemba 1993, TGV ilipita pale kwa kilomita 294 kwa saa baada ya mvua kubwa. Chini ya kokoto kulikuwa na shimo lililochimbwa enzi za Vita Kuu ya Kwanza, lilikuwa limefichika miaka yote hiyo, mvua ikalifumua, udongo ukadidimia. Mabehewa ya nyuma yaliacha reli. Treni ikaserereka juu ya kokoto na mataruma mpaka ikasimama, nayo bado wima. Hakuna aliyekufa.

Kilichowaokoa ni namna Wafaransa wanavyounganisha mabehewa. Kwa kawaida kila behewa lina bogi zake mbili, yaani vigari vya magurudumu vinavyolibeba, na linaungana na jirani kwa ndoano, kama watu walioshikana mikono. Behewa la TGV halisimami peke yake: bogi moja hukaa kwenye kiungo, mabehewa mawili yakiegemea juu yake. Treni nzima inakuwa kama uti wa mgongo. Ikitoka relini, haijikunji wala mabehewa hayapandiani.

"Na hii tuliyopanda?" nikauliza. "Haina hicho kitu," akajibu Mzee, akatazama nje. "Kila behewa na bogi zake." Wakati huo tulikuwa tunakimbia 300. Alinyamaza muda mrefu, kisha akafungua daftari, akampa Mfaransa alama 9 bila kuulizwa.

Siku ya tatu: Mulhouse

Paris hadi Mulhouse ni TGV ya ghorofa, na tulikaa juu. Asubuhi nzima baba na binti walipigania rekodi ya tarehe 3 Aprili 2007, TGV ilipofika kilomita 574.8 kwa saa. Mzee alishaanza kuwahurumia Wafaransa, akaitaja kama ushahidi kwamba vichwa viwili vya kusukuma na kuvuta vinatosha. Binti akamkata kauli: treni ile ilifungwa magurudumu makubwa kuliko ya kawaida, na katikati, chini ya mabehewa, waliongeza bogi zenye mota. "Walipotaka rekodi, baba, waligawa miguu kama Wajapani."

Tukiingia Alsace, treni hupita upande wa kulia wa njia. Kwingineko Ufaransa treni hupita kushoto. Sababu ni kwamba kati ya 1871 na 1918 eneo hili lilikuwa la Ujerumani, na Wajerumani walipanga ishara zote kwa kulia. Mpaka ulirudi kwa Wafaransa, ishara hazikurudi. Kwenye mpaka wa zamani njia moja hupita juu ya nyingine kwa daraja ili kubadilishana pande.

Cité du Train ni makumbusho makubwa kuliko yote ya reli Ulaya, na sehemu yake ya kwanza ina giza kama ukumbi wa sinema. Nilichokwenda kukitazama ni kichwa kimoja, 232 U 1, cha mwaka 1949. Kimesimama lakini magurudumu yake yanazunguka, yakizungushwa polepole kwa mota, ili watu waone fito zinavyocheza. Nilikaa pale karibu saa nzima. Konrodi inasukuma gurudumu. Kutoka kwenye gurudumu hilo unatoka mkono mfupi unaotikisa fito nyingine, nyembamba, ambayo inakwenda mbele kuliambia vali lini lifungue mvuke na lini lifunge. Kwa hiyo gurudumu ndilo linaloiambia silinda ilisukume lini. Mtambo huo ulibuniwa na Mbelgiji, Egide Walschaerts, mwaka 1844, na uko pia kwenye Mallard. Sikumwambia Mzee. Alikuwa ameshaona mwenyewe, kalamu inatembea.

Kingine cha U 1 ni kwamba mvuke wake unafanya kazi mara mbili: ukitoka kwenye silinda ndogo zenye mgandamizo mkubwa, unapelekwa kwenye silinda nene kumalizia nguvu iliyobaki. Waingereza walilijaribu hilo, wengi wao wakaliacha kwa sababu lina fundo nyingi za kutunza. Wafaransa waliling'ang'ania, na madereva wao walifunzwa mitambo kweli kweli. Mzee aliguswa na hili kuliko rekodi zote. Karakanani, alisema, mtambo mzuri mikononi mwa mtu asiyeuelewa ni chuma chakavu kinachosubiri siku yake.

Hata kuhesabu magurudumu hawakubaliani. Mallard kwa Mwingereza ni 4-6-2, anahesabu magurudumu yote, kushoto na kulia. Mfaransa angekiita 231, anahesabu ekseli. Mjerumani angeandika 2'C1', ekseli za kazi akizipa herufi. Kichwa ni kile kile.

Kabla ya kutoka tulipitia BB 9004, kisanduku cha umeme kisicho na mbwembwe yoyote. Tarehe 29 Machi 1955 kilikimbia kilomita 331 kwa saa kwenye nyanda za Landes, na njia ilipinda kwa mikiki ya majaribio ya siku zile. Binti alikipa 9, akaongeza kwamba moja imekatwa kwa sababu ya reli walizozikunja.

Siku ya nne: Luzern

Uswisi haina makaa ya mawe. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga milango, reli zake zilibaki na njaa, na nchi ikaamua kutumia kilichopo, maji ya milimani, kuzalisha umeme wa treni. Matokeo yake yamesimama kwenye makumbusho ya uchukuzi ya Luzern: Krokodil, vichwa vya umeme vya aina ya Ce 6/8 II, vilivyoanza kutengenezwa mwaka 1919. Kwa Kiswahili ni Mamba tu, na ni mamba kweli. Pua ndefu mbele, pua ndefu nyuma, chumba cha dereva katikati, na mwili umeungwa sehemu tatu ili uweze kujipinda kwenye kona za milimani.

Binti alikizunguka mara tatu. Mota za wakati ule zilikuwa kubwa mno kukaa kati ya magurudumu, kwa hiyo zilipachikwa juu, ndani ya zile pua, na nguvu ikashushwa kwa fito za chuma kama za kichwa cha mvuke. Mzee alifurahi kuona konrodi kwenye kitu cha umeme. Binti alifurahi kwa jingine: kikiteremka, mota zake hugeuka kuwa majenereta na kurudisha umeme kwenye nyaya. Mwaka 1919! Hapa wote wawili walitoa 10, mara ya kwanza na ya mwisho safari nzima.

Mchana tuliwahi Pilatus, reli ya mwaka 1889 inayopanda mwinuko wa asilimia 48. Kwa mwinuko huo meno ya kawaida, yanayoshika kutoka juu, yangeweza kupanda na kuchomoka. Eduard Locher akayalaza ubavuni: magurudumu mawili yenye meno yanabana ufito wa katikati kutoka kushoto na kulia, kama koleo. Mzee alisafiri amefumba macho. Hakuandika chochote.

Siku ya tano: Gotthard, Milano

Kuna njia mbili za kuvuka Gotthard. Ile mpya, iliyofunguliwa mwaka 2016, ni handaki la kilomita 57, refu kuliko yote ya reli duniani, na inakupitisha chini ya mlima bila kupanda. Sisi tulichagua ile ya 1882. Ukipita Erstfeld kuna Mamba mwingine amesimama nje kama mlinzi, na baada ya hapo mlima unaanza.

Sifa ya njia hii ni kanisa la Wassen. Bonde ni la mwinuko kuliko treni inavyoweza kupanda, basi wajenzi waliizungusha njia ndani ya mlima, inaingia kwenye mwamba, inajipinda, inatokea juu zaidi. Kanisa lile moja unaliona mara tatu: kwanza liko juu yako, kisha mko sawa, kisha liko chini. Nimelisoma hilo tangu nikiwa mdogo. Na siku yenyewe, kwa uchovu wa jana, nilisinzia. Niliamshwa na kiwiko cha Mzee kanisa likiwa sawa na dirisha, kwa hiyo nimeliona mara mbili. Atanikumbusha hilo hadi kaburini.

Milano tulifika alasiri, tukaenda moja kwa moja kwenye makumbusho ya sayansi na teknolojia yanayoitwa kwa jina la Leonardo da Vinci. Wote tulikuwa tumeitarajia Italia kama mahali pa kupumzika na ubishi. Badala yake tukakutana na E.550, kichwa cha umeme cha zamani.

Ni kifupi, kina ekseli tano zilizofungwa pamoja kwa fito, na kilianza kazi mwanzoni mwa karne ya ishirini kwenye mwinuko wa Giovi nyuma ya Genova. Umeme wake ni wa nyaya tatu: mbili ziko juu, ya tatu ni reli yenyewe. Kilikuwa na mwendo wa aina mbili tu, kilomita 25 au 50. Mota za aina hiyo hufuata mapigo ya umeme kama askari wa gwaride, haziendi mbele wala hazibaki nyuma. Ubaya wake unaonekana mara moja. Uzuri wake ni mteremkoni: treni ikitaka kukimbia kupita kiasi, mota hukataa na kuusukuma umeme nyuma kwenye nyaya, na treni inayopanda upande wa pili inautumia. Inayoshuka inaivuta inayopanda, bila kamba.

Kwa kuondokea, nguvu ilipunguzwa kwa maji yenye soda: sahani za chuma zilizamishwa humo, umeme ukapita majini, maji yakachemka, na mvuke ukatoka juu ya paa. Mzee alisoma hayo mara mbili. "Cha umeme, na kinatoa mvuke!" Alikuwa kama mtoto.

Kisha safu ya nchi. Mtu aliyeongoza ubunifu wa umeme huo ni Kálmán Kandó, Mhungaria. Kiwanda kilichokitengeneza, cha Vado Ligure, kilikuwa cha kampuni ya Westinghouse, jina la Mmarekani. Mlima ni wa Italia. Mzee aliandika, akafuta, akaandika, akavuta mshale hadi pambizoni.

Siku ya sita: Brenner, München

Siku mbaya. Tulikuwa tumekata viti mapema, lakini treni ilipoingia, behewa lenye namba yetu halikuwemo. Halikufungwa siku hiyo, basi. Kampuni yenyewe sitaitaja. Tulisimama mlangoni na mabegi hadi Bolzano. Mzee aliketi juu ya sanduku lake kimyakimya, na binti akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hata Shinkansen bila behewa ni kituo tu.

Juu ya Brenner, mpakani mwa Italia na Austria, umeme unabadilika: Italia hutumia volti 3,000 za mkondo mnyoofu, Austria volti 15,000 za mkondo geu. Taa zilizima, viyoyozi vikanyamaza. Kwa muda tukasikia upepo tu, kisha vyote vikarudi.

München ndiyo iliyoiokoa siku. Tukiwa tumechoka jukwaani, treni ya kwenda Wien ilikuwa inaondoka, imevutwa na kichwa chekundu cha Austria, Taurus. Nilimshika Mzee mkono. "Sikiliza."

Kilianza kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu filimbi. Noti ikapanda, ikakaa, ikapanda tena, ngazi kwa ngazi, za muziki kabisa, mpaka sauti ikamezwa na mngurumo wa magurudumu. Binti alieleza kwamba si muziki: ni swichi za kielektroniki zinazokatakata umeme wa mota, na wahandisi walipanga mikato yake ipande kwa hatua zilizo karibu na noti. Mzee alimwinulia kidole anyamaze. Mtu huyu amesema miaka yote kwamba umeme hauna roho. Tulisubiri jukwaani saa nzima hadi kingine kikaondoka.

Siku ya saba: Nürnberg

Njia kati ya München na Nürnberg ina kipande cha kilomita 300 kwa saa, na kwenye njia hiyo, tarehe 2 Septemba 2006, ndugu wa kile kichwa kinachoimba, 1216 050, kilikimbia kilomita 357, rekodi ya dunia ya kichwa cha umeme. Kimejengwa Ujerumani, kikavaa rangi za Austria. Mzee aliandika nchi zote mbili bila kulalamika; alishazoea.

Kisha makumbusho, na kile alichokijia. 05 002 chenyewe, kilichofika 200.4, kilikatwa chuma chakavu mwaka 1960. Aliyebaki ni kaka yake, 05 001, wa kiwanda cha Borsig, mwekundu wa zabibu, amefunikwa bati laini. Magurudumu yake makubwa yana kipenyo cha mita 2.30. Mzee alisimama kando, akanyoosha mkono juu kadiri alivyoweza bila kugusa, akacheka peke yake. Nilimwacha. Nilikuwa nimejiandaa kumkumbusha kwamba walivuta mabehewa manne tu, na Mallard saba, lakini haikuwa saa yake.

Aliyeharibu ni binti. "Baba, zile fito za vali, si za yule Mbelgiji?" Mzee akasema hapana, hizo zinaitwa Heusinger, ni za Mjerumani. Zinafanana kwa sababu wawili hao walibuni kitu kimoja, kila mtu kivyake, miaka michache baina yao. Walibishana mpaka mlinzi akatutazama.

Nikawapeleka kwenye Adler. Ndicho kichwa kilichovuta treni ya kwanza ya mvuke ya Ujerumani, tarehe 7 Desemba 1835, kutoka Nürnberg hadi Fürth. Kile cha asili hakipo tena. Kinachoonekana ni nakala. Nyingine, ya mwaka 1935 na inayotembea, iliungua kwenye moto wa bandani mwaka 2005 ikajengwa upya. Ni kitu cha kuchezea ukikilinganisha na 05: bomba refu jembamba, gurudumu moja kubwa kila upande. Nilimwachia Mzee asome mwenyewe. Kilitengenezwa na kiwanda cha Robert Stephenson, Newcastle, kikaja kwa vipande ndani ya makasha, na kikaja na dereva wake, William Wilson, Mwingereza, aliyelipwa zaidi ya mkurugenzi wa reli yenyewe.

Nilisubiri. Nilikuwa nimeisubiri dakika hiyo tangu York.

Mzee alifungua daftari. Akaandika Adler, akaandika 10, akaruka kwenye maelezo, kisha akarudi kwenye safu ya nchi na kuandika herufi moja: U.

"Uingereza au Ujerumani?" nikamwuliza.

"Zote zinaanza hivyo," akasema. "Na Ufaransa. Na Uswisi." Akafunga daftari, akalitia mfukoni.

"Italia je, baba?" binti akauliza. Mzee alikuwa ameshaelekea mlangoni.